Ukucha wa Getini

Kwa aliyelifungia sabuni gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, nitamwambia kwa ufupi. Mimi ni bibi wa miaka sitini na minane. Shule niliishia darasa la nne, lakini kokoto nimezisoma miaka kumi na tisa, nikizipasua kando ya barabara, mpaka ilipofunguliwa ile yadi inayosaga vifusi vya nyumba zilizobomolewa na kuvigeuza matofali mapya.

Meneja wa yadi hiyo ni mwanangu, kitindamimba wangu. Mimi niliwekwa getini kukagua malori, na niliwekwa kwa sababu ya ukucha mmoja.

Kucha zangu nyingine zimelika kwa kazi. Ule wa kidole gumba cha kulia niliulinda, mrefu, mgumu kama pembe. Lori likifika naokota vipande vya mbele, vya katikati na vya nyuma, naviparua. Zege halikubali ukucha. Plasta ya saruji haikubali. Jasi, ile nyeupe laini ya kutengenezea dari, ndiyo inayokubali, ukucha unazama kama kwenye sabuni. Na jasi ikiingia kwenye tofali la saruji, tofali linatoka zuri, linajengwa, linapakwa rangi, kisha likinywa maji linavimba taratibu kutoka ndani mpaka lipasuke.

Kifusi safi nilikichorea duara kwenye tairi kwa kipande cha tofali jekundu. Kibovu nilikichorea msalaba, dereva anageuza.

Niliwaacha pale lilipofika lori la kwanza kati ya sita, kutoka kwenye hoteli iliyokuwa ikibomolewa, dari zake na kuta zake za ndani zote za jasi. Ukucha ulizama. Nikainama nichore msalaba. Ndipo nikasikia mtu anakimbia nyuma yangu.

Alikuwa mwanangu.

"Mama, usichore."

"Humu mna jasi."

"Najua."

 Nilidhani nampa habari, kumbe habari anayo.

"Mwekezaji anakuja Alhamisi, mama. Anataka kujenga ghorofa nne kwa matofali yetu. Akikuta rundo dogo atasema hatuna mali ya kusaga, atakwenda kwa wengine. Acha yapite haya sita tu."

"Jasi hainyamazi, mwanangu. Inangoja maji."

"Itasagwa na mengine, itapotea humo humo."

"Haipotei. Inajificha."

Dereva, tuliyemwita Kipara, alitoa kichwa dirishani. "Bibi, unalikagua lori au unaliposa? Mafuta yanaungua hapa!"

Wapakiaji wakacheka. Mwanangu hakucheka. Alipiga magoti. Na shati lake la ofisi, mbele ya wapakiaji na mbele ya Kipara, alipiga magoti kwenye vumbi.

"Mama, umenilea kwa kokoto. Leo uniue kwa kokoto?"

Nyinyi mliozaa mtanielewa, na msiozaa mnihukumu mtakavyo. Niliyatazama yale magoti. Niliyaosha mimi yalipokuwa madogo kama ndimu.

Nikachora duara. Malori sita, maduara sita.

Aliyethubutu kuniuliza ni mtu mmoja, mwenzangu wa kazi pale yadini. Tulimwita Mama Glavu, kwa sababu saruji ilikuwa imemchana mikono na hakuonekana bila glavu hata akila. Tulianza naye kupasua kokoto barabarani siku ile ile moja. Binti yangu alipofariki akaniachia kichanga, Mama Glavu ndiye aliyembeba mjukuu wangu mgongoni mchana kutwa ili mimi nipate kupiga nyundo.

"Ukucha," aliniita, maana ndilo jina langu pale, "macho yamekuingia mchanga?"

"Nyamaza, dada. Ni mambo ya mwanangu."

Alinitazama sana.

"Haya, sijaona. Lakini siku ya siku usije ukasema nilikuwepo mimi, wewe hukuwepo."

Tulicheka. Mnasikia? Tulicheka wote wawili.

*

Alhamisi mwekezaji akaja. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, na wapakiaji walimpa jina la Mama Kijani kabla hajashuka vizuri kwenye gari. Kila neno lake la tatu lilikuwa kijani. Jengo la kijani, mtaji wa kijani, kesho ya kijani. Mimi nilidhani ni rangi, nikawa najiuliza kwa nini wasinunue kopo wakapaka yakaisha.

Mwanangu akanieleza kwamba ni majengo yasiyoitesa dunia. Hayachimbi mlima mpya, yanakula kile kilichokwisha kubomolewa. Nikaona ni jambo jema. Hata leo, na yote yaliyonikuta, naona ni jambo jema. Ubaya ulikuwa kwenye tairi sita.

Mama Kijani aliniamkia kwa heshima, akanishika kidole gumba, akakiinua juu kama mtu aliyeokota kito.

"Kwingine nimeonyeshwa mashine za kupimia kubwa kama makabati," aliwaambia wageni wake. "Hawa wana kidole!"

Kamera zikalia. Nikapewa tofali la zamani niliparue, nikaliparua. Nikapewa kipande cha jasi, ukucha ukazama, wageni wakasema aaah kama watoto.

"Na rundo lile kubwa, bibi, umelipima lote?"

Mwanangu akakohoa.

"Limepita mkononi mwangu," nikasema.

Si uongo. Lilipita.

"Basi sikilizeni!" Mama Kijani akapaza sauti. "Nyumba ya kwanza itakayotoka kwenye rundo lile itakuwa nyumba ya mfano, na atakaa bibi huyu. Kila mwenye mtaji aje aone ni nani anaishi humo, na anaishi vipi."

Makofi. Mwanangu alipiga mpaka viganja vikawa vyekundu. Mama Glavu naye alipiga, lakini glavu hazitoi sauti.

Nami nikashukuru. Ungefanya nini? Useme, samahani, mpeni mwingine, hii itaniangukia?

Nyumbani, yaani kwenye chumba kimoja cha kupanga kilichovuja pembe zote nne, mjukuu wangu aliruka na mwanawe wa miezi minne kiunoni. Mimi naye tunataniana, tunaitana wake wenza.

"Mke mwenzangu, tunahama! Mume wetu marehemu angetuona, angefufuka."

"Asifufuke, tutabanana."

"Mbona hufurahi, bibi?"

"Nafurahi kwa ndani. Nje pamezeeka."

Siku ya kukabidhiwa ufunguo, mwanangu alileta karatasi na kidau cha wino. Kusoma najua, lakini nasoma polepole, neno kwa neno, na watu walikuwa wamesimama juani na kamera zao.

"Ni ya kupokea ufunguo tu, mama. Weka kidole."

Nikaweka. Kidole kile kile.

*

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, madirisha yenye nondo, mlango mmoja wa chuma, na nje imepakwa kijani, hivyo hata mimi sikukosea sana. Ndani ilikuwa nyeupe.

Tulipobaki peke yetu nikaparua kuta. Fundi alikuwa amechanganya, tofali zima hapa, tofali bovu pale, kwa kuwa mapya ya rundo lile yalichelewa kukauka, akajazia ya zamani. Ukucha ukaniambia yote, moja moja. Bovu. Zima. Zima. Bovu. Bovu juu ya kitanda cha mtoto.

Nikamhamisha mtoto.

"Bibi, pale palikuwa na upepo mzuri," mjukuu akalalamika.

"Upepo una mafua."

Mvua za kwanza ziliponyesha, ufa ulitokea mwembamba kama unywele, juu ya dirisha. Nikatundika kalenda. Wiki iliyofuata ukatokea mwingine, nikatundika nyingine. Nilikuwa naomba kalenda madukani kama mwendawazimu, za mwaka huu, za mwaka juzi, zenye picha za matrekta, zenye picha za vitanda vya hospitali. Wageni wa Mama Kijani walipokuja kutazama, walizitazama kwa adabu.

"Bibi anapenda kujua tarehe," mmoja akasema.

Mjukuu wangu si mjinga. "Mke mwenzangu, nyumba gani hii kila ukuta Januari? Una miadi na nani?"

"Na Mungu."

Hapo mlango wa chuma ukaanza kuuma. Asubuhi unafunguka, mvua ikinyesha unabanwa na ukuta mpaka tuusukume kwa bega. Nikamwendea mwanangu ofisini.

"Ukuta unavimba. Tutoe humo."

"Mkitoka, atauliza kwa nini. Vumilia mpaka asaini mkataba wa ghorofa. Akisaini tu, naibomoa ile nyumba mwenyewe, nakujengea nyingine."

"Na hizo ghorofa utazijenga kwa tofali gani?"

Akafungua droo, akaifunga.

"Mama, wewe kaa na kalenda zako."

*

Kalenda hazikunisaidia. Mama Kijani alimleta injinia wake, kijana mkimya asiyejua kucheka na wazee. Aliingia, akazunguka mara moja, akaenda moja kwa moja kwenye trekta la mwezi wa tatu, akalitoa msumarini. Nyuma yake ufa ulikuwa umefunguka, kidole kinaingia.

Akatoa zote. Alizipanga mezani vizuri, kama karata.

Saa hiyo hiyo tukaitwa ofisini. Mama Kijani, injinia, mwanangu, mimi. Na Mama Glavu, ambaye sikujua ameitiwa nini mpaka mwanangu alipofungua kinywa.

"Siku yale malori sita yanaingia, mama hakuwepo getini. Nilimpeleka kupimwa macho. Aliyekaa getini ni huyu hapa."

Nilisikia maneno hayo kama yanasemwa chumba cha pili.

Mama Glavu hakumtazama mwanangu. Alinitazama mimi. Na hakunitazama kwa hofu, nawaambieni, alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake amalizie utani.

"Bibi," Mama Kijani akasema, "mimi nakuamini wewe. Siku hiyo ulikuwepo?"

Mwanangu aliweka mkono wake juu ya bega langu. 

"Sikuwepo," nikasema.

Nimeungama hilo kwa viongozi wa dini wawili, na sasa nawaungamia nyinyi, na bado halijapungua uzito.

Mama Glavu hakulia. Hakunitukana. Alivua glavu, kidole kimoja kimoja, akaziweka mezani juu ya kalenda. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuiona ile mikono mitupu mbele ya watu. Ilikuwa na nyufa kuliko ukuta wangu. Akavua na miwani ya kazi, maana nayo ni mali ya yadi, akaiweka kando ya glavu.

"Ukucha," akaniambia kwa upole, "Mungu akupe maisha marefu sana."

Hakuna aliyewahi kunitakia baya kuliko hilo.

Akarudi barabarani kupasua kokoto kwa mikono mitupu na macho matupu. Siku ya tisa kipande kiliruka. Jicho la kushoto halikuokoka.

Niliambiwa na Kipara, dereva, akiwa getini, akiniangalia kutoka juu ya lori lake. Safari hii hakutania.

"Bibi," alisema, "leo nichoree unachotaka. Alama zako sizisomi tena."

*

Nikaamua kusema. Siku ya kutia saini mkataba wa ghorofa nne ilikuwa imetangazwa, na sherehe ingefanyika ofisini saa saba mchana. Ilisemwa kosa limeondoka na Mama Glavu, lakini rundo lilikuwa pale pale, na sisi mle mle ndani. Familia thelathini na mbili zingekaa kwenye ghorofa hizo. Nilijiambia nitainua kidole mbele ya kamera zote, niparue tofali kutoka kwenye rundo lile, ukucha uzame, wote waone. Nisingehitaji kubishana na mtu.

Kosa langu ni kwamba nilimwambia mjukuu, na mjukuu, kwa wema, akamwambia mjomba wake amsaidie bibi kwa usafiri.

Mwanangu alikuja asubuhi. Alileta mkate na sukari. Akakaa sakafuni mbele ya kiti changu, akaishika mikono yangu yote miwili.

"Mama, kucha zako zimekuwa ndefu."

"Mmoja tu."

"Ndiyo huo."

Akatoa kikata kucha mfukoni.

Nikavuta mkono. Akaushika. Hakunishika kwa nguvu ya kuumiza. Alinishika kwa nguvu ya kunijulisha kuwa anayo. Mjukuu akatokea mlangoni na mtoto.

"Mjomba, unamfanya nini bibi?"

"Namtunza. Wewe humtunzi, tazama kucha zake."

Alikata polepole, akageuza kidole huku na huku, akakata tena, hadi nyama. Kisha akapuliza vumbi, akanibusu mkono. Kile kipande alikiokota sakafuni, akakifunga kwenye karatasi ya mkate, akakitia mfukoni.

"Sasa nenda ukaseme," akaniambia sikioni. "Watasema, mzee wa watu, hajui tarehe, amejaza kalenda ukutani. Nenda kaseme, mama."

Nilikwenda. Kwa miguu. Nilifika kabla ya sherehe, viti vimepangwa na watu hawajaja. Nikamkuta Mama Kijani peke yake ofisini, anajaribu kalamu kwenye kikaratasi.

Nikasema yote. Lori la hoteli, magoti, maduara, Mama Glavu. Nilisema nimesimama, maana nilijua nikikaa nitanyamaza.

Hakushtuka.

"Nilijua siku ile ya kalenda, bibi. Injinia wangu alipima, akaona jasi. Na nilikwenda hospitali nikauliza kama ulipimwa macho. Hukupimwa."

"Ukamwacha Mama Glavu afukuzwe?"

"Wewe ndiye uliyesema hukuwepo. Ningefanyaje? Picha yako iko kwenye kila kitabu nilichowapelekea wenye fedha. Nyumba yako iko humo. Kidole chako kiko humo. Yeye hayumo kwenye picha hata moja."

"Na rundo?"

"Litachanganywa kidogo kidogo na jipya. Ghorofa hazitaanguka mwaka huu wala mwakani."

"Na mwaka wa tatu?"

Akafungua jalada, akanisogezea karatasi. "Soma. Nina muda."

Nikasoma, neno kwa neno. *Mimi, mkaguzi mkuu, nimepima kila lori. Nabeba dhamana ya kila tofali.* Chini kulikuwa na kidole changu cha wino. Hata ukucha ulionekana, umeacha mstari mwembamba juu ya wino kama mwezi mwandamo.

Ilikuwa ile karatasi ya ufunguo.

"Hii hakuiandika mwanao peke yake," Mama Kijani akasema, sauti ile ile ya upole. "Nenda nyumbani upumzike. Uvae vizuri, urudi saa saba tupige picha."

Juu ya bati mvua, iliyoanza tone moja moja nilipokuwa nasimulia, sasa ilimwagika yote kwa pamoja.

Sijafika mlangoni, mlango ukafunguliwa kutoka nje. Alikuwa mjukuu wangu, peku, khanga imemganda mwilini, hana mtoto kiunoni.

"Bibi! Nilitoka kuanua nguo. Upepo ukaufunga mlango. Umebanwa, bibi, haufunguki, nimesukuma mpaka bega limeteguka. Mtoto yuko ndani!"

*

Sijui miguu ya miaka sitini na minane ilikimbiaje. Najua tulifika.

Majirani walikuwa wamejazana. Wanaume wawili waliusukuma mlango wa chuma, na kila wakisukuma, ukuta wote ulitoa mlio kama jino linaloguguna mfupa, vumbi jeupe likaanguka. Wakaacha kwa woga. Dirishani nondo. Mtoto alikuwa analia ndani, kile kilio cha hasira, cha mtoto mwenye nguvu. Nikashukuru kwa kila yowe.

Kwenye ukuta wa pembeni, mtu alikuwa amesimama na nyundo ya kupasulia kokoto. Jicho moja limefungwa kitambaa. Mikono haina glavu.

Hakuna aliyemwita. Kituo chake cha kokoto kiko ng'ambo ya barabara, alisikia mtoto analia. Zamani alimbeba mgongoni mama wa mtoto yule.

"Usipige!" nikapiga kelele. "Ukipiga zima, linalobeba, ukuta utashuka wote!"

"Nalijua hilo, Ukucha. Kazi ni yangu pia." Hakugeuka. "Bovu litatoka peke yake, litaacha tundu la kupitisha mtu. Nionyeshe bovu. Mimi jicho lililobaki limejaa mvua."

Ndani nilikuwa najua kila bovu kwa kalenda yake. Lakini tulikuwa nje, na nje palikuwa kijani kitupu, tofali zote sura moja chini ya rangi.

Nikaweka kidole gumba ukutani, nikaparua.

Nyama iliteleza juu ya rangi. Haikuniambia kitu.

Mama Glavu akakitazama kidole changu kwa jicho lake moja. Alielewa pale pale. Hakuuliza ni nani aliyekata.

"Tumia wangu, bibi!" Mjukuu akaingiza mkono wake katikati yetu, akaparua kwa kucha zake za usichana, juu, chini, mpaka mbili zikavunjika.

"Unahisi nini?" nikamuuliza. "Unazama, hauzami? Unahisi nini?"

"Sijui, bibi! Nahisi ukuta!"

Kwa nyuma gari likasimama. Nikasikia sauti ya mwanangu inawaambia watu warudi nyuma, wasipige picha. Hakuna aliyegeuka.

Ufa ukatambaa kutoka kwenye kona ya dirisha, mbele ya macho yetu, taratibu kama mdudu anayejua anakokwenda.

Ndani, mtoto akanyamaza.

"Chagua, Ukucha," Mama Glavu akasema. Nyundo ilikuwa tayari juu.

Nikafumba macho. Nikaweka kiganja chote kwenye tofali moja, usawa wa kifua changu.

"Hili."

"Una hakika?"

Ningeweza kusema ninayo. Nimesema mengi makubwa kuliko hilo, na watu wakaniamini.

"Sina," nikasema.

"Afadhali," akasema Mama Glavu. "Leo umesema kweli. Toa mkono."

Nikatoa mkono. Nyundo ikashuka.